Mzee Maduhu Ajiandaa Kuwa Maksai

Ukiona jozi ya maksai inavuta plau popote kuzunguka Mhunze, imetulia, haigombani wala haigeuzi shingo mtamba akipita, ujue hao wamepitia mikononi mwa Mzee Maduhu. Kazi ya kuhasi aliirithi kwa baba yake, ila baba yake alitumia jiwe na gogo, mambo ya kelele yasiyofaa kusimuliwa watu wakiwa wanakula. Maduhu yeye alileta ustaarabu. Alikuwa na koleo refu la chuma alilouziwa na bwana mifugo mmoja aliyestaafu. Dume linalazwa chini, linafungwa miguu, Maduhu anapapasa mshipa, anauweka kwenye meno ya koleo, anabana, anaachia. Hakuna damu wala kidonda. Wiki chache zikipita korodani zimesinyaa kama michembe ya viazi vilivyokaushwa, na lile dume lililokuwa likivunja maboma ya watu limekuwa bwana mpole anayeswagwa na mtoto wa chekechea.

Wenye ng'ombe wengine walikuwa na huruma, hasa wale waliompa dume jina na kulizoea. Hao Maduhu aliwapa maneno yale yale kila mara, akiwa anafuta koleo lake kwa kitambaa. "Usimlilie. Hii kitu ikishaondoka, na tamaa yake inaondoka. Hatajua hata alichokosa." Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na yaliwafariji watu wengi, isipokuwa hayakuwahi kusemwa mbele ya anayehusika kabla ya kufungwa miguu.

Sasa ikawa hivi. Siku moja ya mnada madaktari walikuja Mhunze na hema wakapima wazee. Maduhu aliingia kupima presha tu, akatolewa na damu, na baada ya muda akapigiwa simu aende hospitali kubwa mjini. Habari za kile kipimo cha kidole nazipita. Kila kijiwe cha nchi hii kina utani wake juu ya kidole hicho, na Maduhu mwenyewe, mtu aliyewahi kuzamisha mkono hadi begani kuvuta ndama aliyekwama, aliona hana uso wa kulalamika. Wakamkata vinyama vidogo vya kupima, na jibu likarudi kwamba ana saratani ya tezi dume.

Daktari aliyempa jibu aliitwa Serafina. Alikuwa binti wa rika la Rebeka, mtoto wa kwanza wa Maduhu anayeuza vitenge kule Nyasubi, Kahama. Alimwamkia shikamoo kwa heshima zote, na matatizo yakaanzia hapo hapo. Mtu aliyekuamkia shikamoo ni mtoto wako, na mtoto wako hamuwezi kukaa mkajadili yaliyomo ndani ya suruali.

"Baba, ugonjwa bado uko ndani ya tezi, haujatoka nje," alisema Daktari Serafina. "Njia mojawapo ni upasuaji, tuiondoe tezi yote. Ila upasuaji huu una madhara yake, na wewe una haki ya kuyajua kabla hujasema ndiyo au hapana. La kwanza ni upande wa nguvu za kiume..."

Maduhu akainua kiganja.

"Binti yangu, hapo usijichoshe. Kazi hiyo naijua. Nimeifanya tangu hujazaliwa."

Daktari akamtazama upya. "Kumbe baba ulikuwa mtu wa hospitali?"

"Jirani na hapo," alijibu Maduhu. "Leta karatasi nisaini."

"Leo hapana, baba. Kwanza rudi nyumbani ukatulie. Halafu uje na mama, tuongee wote watatu ndipo tufike kwenye karatasi."

Mama alikuwepo, sema aliachwa nje kwenye benchi, kwa kuwa Maduhu alimwambia haya ni mambo ya wanaume. Salvina, au Mama Rebeka, alikuwa mwanamke wa Ushirombo, mtoto wa familia ya Kikatoliki ya wakulima, asiyependa kuambiwa mambo nusu. Alipomwona mumewe anatoka alisimama.

"Wanasemaje?"

"Wanakata."

"Wanakata nini?"

"Mama Rebeka," alisema Maduhu kwa masikitiko, "umeishi na mimi miaka yote hii, koleo liko nyuma ya mlango, bado unauliza wanakata nini?"

Si kwamba Maduhu alikuwa mwoga. Kasoro yake ilikuwa kujua sana. Mtu mwingine akiambiwa nguvu za kiume ziko hatarini, angeuliza kwa nini na kwa kiasi gani. Yeye aliona njia nzima mpaka mwisho wake: kunenepa nundu, shingo kulainika, sauti kupoa, hasira kwisha, kisha upole usio na kikomo. Kilichomshikilia asianguke ni yale maneno yake ya kazini. Tamaa yake inaondoka. Hatajua hata alichokosa. Aliyarudia akienda malishoni, akayarudia akirudi, na kwa kweli yalimtuliza. Uzee wenyewe si ndio huo, alijiambia. Apone, awe maksai mzuri, ale ugali wake kwa amani.

Basi akaanza kujiandaa. Alinunua suruali mbili za kiuno kipana kwa ajili ya unene utakaokuja. Aliacha kunyoa ndevu ili azifaidi zikiwa bado zipo. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kuomba ile kesi ya mpaka wa shamba lake na jirani isikilizwe haraka.

"Haraka ya nini, namhala, mzee wangu? Kesi hii imekaa miaka."

"Baada ya upasuaji sitakuwa na hasira ya kutosha," alieleza Maduhu. "Nataka niigombanie nikiwa bado mzima."

Mwenyekiti hakuelewa, lakini alimweleza mkewe, na mke wa mwenyekiti ukimweleza jambo ni sawa na kulitangaza kwa spika mnadani. Kufikia Jumapili habari zilimfikia Ngusa.

Ngusa alikuwa mtani wa Maduhu, utani wa ukoo, ule ambao mtu anaweza kukaa juu ya kaburi la baba yako akikudai kuku, nawe ukikasirika ndiwe mwenye makosa. Alifika mchana kweupe akiwa na nira begani, kamba mkononi, na nusu ya kijiji nyuma yake.

"Mwangaluka, namhala!" alisalimia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, wakati asubuhi ilishapita zamani. "Nimekuja mapema kabla hujachukuliwa na wengine. Inua shingo tupime. Nina shamba la pamba halijaguswa, na nimekutafutia mwenzio wa upande wa kushoto."

Watu wakaangua kicheko. Maduhu angefanya nini? Mtani hakasirikiwi. Aliinua shingo. Ngusa akaweka nira, akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja kama fundi seremala, akasema hii ni ya kupunguzwa upande, mzee amekonda, ila akishakatwa atajaa. Mama mmoja akashika kiuno akalazimika kukaa chini. Maduhu naye akacheka, akacheka kweli, na humo humo ndani ya kicheko akashukuru kwamba nira ilimpa sababu ya kuinamisha kichwa.

Salvina akatoka jikoni na mwiko wa ugali.

"Ngusa, toa huo mti shingoni kwa mume wangu. Na wewe, Baba Rebeka, ingia ndani."

Ndani hakupaza sauti, na Maduhu akajua mambo ni mabaya.

"Kijiji kizima kimeshapima shingo yako," alisema Salvina. "Mwenyekiti anajua. Ngusa anajua. Mimi ninayelala na wewe nimeambiwa neno moja, wanakata. Umemkubalia daktari, sivyo?"

"Nimemkubalia."

"Umekubali kwa niaba ya nani?"

"Kwani wewe ungesema nini?"

"Sijui ningesema nini! Ningejuaje? Hakuna aliyeniambia kitu!" Hapo sauti ikapanda, na nje kicheko kikakatika ghafla. "Safari hii siachwi kwenye benchi."

Hakuachwa. Siku ya kurudi hospitali alivaa gauni la kanisani, akaingia wa kwanza, akachagua kiti cha karibu na daktari. Daktari Serafina akawaamkia wote wawili, akaweka karatasi mezani, lakini akaifunika kwa kiganja.

"Baba, kabla ya kusaini nina desturi yangu. Naomba mgonjwa anieleze yeye, kwa maneno yake mwenyewe, anakwenda kufanyiwa nini. Nikiona tumeelewana, tunaendelea."

Maduhu alifurahi. Mara ya kwanza toka mambo haya yaanze, mtu alikuwa anamuuliza kitu anachokijua. Akasimama ili atumie mikono vizuri.

"Mnanilaza chali. Mnanifunga miguu, ingawa mimi sina haja ya kufungwa, nitatulia. Mnapapasa mshipa, wa kushoto kwanza. Mimi natumia koleo, ninyi nadhani mna kisu chenu, hiyo ni tofauti ya vifaa tu. Mnabana mshipa, damu haiendi tena kwenye korodani, zinaanza kusinyaa. Mnanipa majani... chakula kizuri. Baada ya wiki chache nimekuwa mpole, nanenepa, tamaa imeondoka. Kazi imekwisha."

Daktari Serafina aliangalia dirishani kwa muda, mabega yakimtetemeka. Alipogeuka macho yake yalikuwa na maji, lakini sauti aliimudu.

"Baba, wewe kazi yako ni nini hasa?"

"Anahasi ng'ombe," alisema Salvina.

"Ahaa." Daktari akavuta pumzi. "Baba, kaa. Korodani zako hatuzigusi."

"Hamzigusi?" Maduhu aliuliza, karibu achukie, kama fundi aliyeambiwa hahitajiki.

"Hata kidogo. Wako wagonjwa ambao saratani yao imeshasambaa, hao wengine tunawatoa korodani, maana ndizo zinazoilisha. Wewe hujafika huko. Njoo uone."

Akachora kwenye karatasi tupu. Akachora kibofu kama kibuyu kilichogeuzwa, shingo chini. Chini ya kibofu akachora tezi, kama ndimu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Pembeni, huku na huku, akapitisha mistari myembamba sana.

"Tunatoa hii ndimu, halafu tunashona mrija na kibofu upya. Kwa hiyo mwanzoni mkojo utavuja, ukikohoa, ukicheka, ukinyanyua kitu. Kwa wengi hupungua miezi ikipita. Kwa wachache haukomi kabisa, na siwezi kukuahidi wewe utakuwa upande gani. Sasa hii mistari ni mishipa ya fahamu. Ndiyo inayopeleka habari uume usimame. Imegandana na tezi. Tutajitahidi kuibakiza, lakini tukikuta ugonjwa umeisogelea itabidi iondoke. Hata ikibaki inakuwa imeumia. Inaweza kulala mwaka, hata zaidi. Kuna wanaume inaamka, kuna inayoamka nusu, kuna isiyoamka. Na kuzaa kwa njia ya kawaida ndiyo basi, mbegu hazitatoka tena. Kilele unaweza kukifikia, lakini kitakuwa kikavu."

Maduhu alitazama dari. Maneno hayo yote yalitoka kinywani mwa binti aliyemwamkia shikamoo, na dari ilibaki mahali pake.

"Sauti?" aliuliza.

"Itabaki hiyo hiyo."

"Ndevu?"

"Zitabaki."

"Na tamaa?"

"Tamaa inategemea zaidi korodani na kichwa chako, na vyote unabaki navyo. Utataka kama kawaida."

Salvina alimwona mumewe anabadilika rangi.

"Yaani nitataka," alisema Maduhu polepole.

"Ndiyo, baba."

"Na huenda nisiweze."

"Huenda."

Ile nguzo aliyoegemea wiki zote hizo ikavunjika. Maksai hataki, na siri yote ya upole wake ni hiyo. Katika maisha yake yote Maduhu hakuwahi kumwachia mnyama tamaa akamnyima uwezo. Angeona ni ukatili. Alikuwa ameshajipatanisha na kuwa mpole asiyekumbuka kitu, na sasa anaambiwa atakumbuka kila kitu. Akasimama, akachukua kofia yake.

"Hili sikulikubali, daktari. Mimi nilikubali lile lingine."

"Ndiyo maana nikakuuliza, baba," alisema Daktari Serafina. Hakumzuia.

Maduhu alikuwa ameshashika kitasa cha mlango aliposikia sauti ya mkewe nyuma yake, ndogo, si ile anayoijua.

"Daktari, na mimi naruhusiwa kuuliza?"

"Uliza, mama."

"Akitoka hivi, asipotibiwa, mimi nitakaa naye mpaka lini?"

"Tarehe hakuna anayeweza kukupa, mama. Wako wazee wenye saratani ya polepole sana, hao tunawafuatilia tu kwa vipimo, hatuwakati. Ya baba si ya namna hiyo. Ikiachwa, inaelekea itatoka nje ya tezi na kwenda kwenye mifupa. Ikifika huko tunaweza kuituliza, kuiondoa hatuwezi tena."

Maduhu aligeuka. Salvina alikuwa ameshika pochi yake kwa mikono miwili, ameibana tumboni. Wiki zote hizo, yeye akinunua suruali na kufuga ndevu, akiwaza mwili wake utakavyokuwa, huyu mwenzake alikuwa anawaza kaburi. Na hakusema. Maduhu aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Akarudi akakaa.

Siku hiyo Daktari Serafina hakula chakula cha mchana. Maduhu alianza kuuliza, na mtu aliyekaa na maswali tumboni bila kujua kuwa ni maswali hamalizi haraka. Aliuliza kama iko njia nyingine ya kutibu. Akaambiwa iko mionzi, nayo inatibu, nayo ina madhara yake, ya haja kubwa na ndogo, na nguvu hupungua taratibu badala ya ghafla, na mara nyingi huendana na sindano za kuzima homoni.

"Sindano hizo zinafanya nini?"

"Hizo sasa, baba, ndizo zinazokaribia kazi yako. Tamaa hupungua, mwili hunenepa. Ila ukiziacha, kwa wengi hali hurejea kidogo kidogo."

"Kumbe maksai wa muda," alisema Maduhu kwa mshangao wa kitaalamu.

Akauliza kama ataweza kupanda baiskeli. Ndiyo, akishapona. Akauliza kuhusu zile dawa za mizizi zinazouzwa kwenye chupa za soda. Hizo hapana, moyo wake bado unahitajika. Je, hospitali ina kitu? Viko vidonge, vinawasaidia baadhi, iko pampu, iko sindano ya kuchomwa palepale penyewe. Maduhu akasema hiyo sindano wamwekee Ngusa. Salvina naye akauliza yake, mengine yakamfanya Maduhu arudi kuangalia dari. Mwishoni daktari akaiondoa karatasi mezani akaiweka kwenye droo.

"Leo hakuna kusaini. Nendeni mkafikirie. Ukichagua kisu, ukichagua mionzi, hata ukikataa vyote, mimi nitakuwepo hapa na sitakununia."

Walifikiria siku kadhaa bila kusema. Ulikuwa msimu wa kuchambua pamba, na kazi hiyo ni nzuri kwa watu wenye jambo zito, kwa sababu mikono ina shughuli na macho yana pa kutazama. Alasiri moja walikaa juu ya mkeka sebuleni, wakitenga pamba safi na chafu.

"Mimi sitakudanganya," Salvina alianza, akiitazama pamba yake. "Watu watakuja kuniambia nikwambie kwamba sijali. Si kweli. Ikiondoka nitaona pengo. Mimi nilikuwa naipenda."

Maduhu akaachia pamba. Katika ndoa yao yote, kupitia watoto wote, hajawahi kusikia neno hilo.

"Ulikuwa unaipenda?"

"Niliipenda."

"Mbona kila siku ulikuwa unasema umechoka?"

"Kwa sababu nilikuwa nimechoka!" alisema Salvina kwa ukali. "Umewahi kuchota maji wewe? Kuchoka na kupenda vinaweza kukaa nyumba moja."

Maduhu alikaa na habari hiyo. Ilimfurahisha na kumuuma kwa wakati mmoja, kama mtu anayeambiwa shamba lake lina dhahabu siku anayohama.

"Basi ndiyo sababu ya kutokukatwa," alisema.

"Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni wewe. Amua mwenyewe, mwili ni wako. Ila usiseme nilikudanganya, na usiseme umeamua kwa ajili yangu. Ukilala chini ya kisu, ulale kwa kuwa umetaka."

Aliamua kukatwa. Hakuamua siku hiyo, aliamua siku nyingine akiwa anatoka kuoga, bila sababu yoyote ya kueleweka, isipokuwa aligundua kwamba anataka kuona pamba ya mwaka ujao, na mtoto wa Rebeka akianza shule, na hata mwisho wa ile kesi ya mpaka. Walirudi kwa Daktari Serafina. Akaombwa tena aeleze kwa maneno yake. Safari hii alieleza akiwa amekaa, ndimu, kibuyu, mishipa ya fahamu, kuvuja, kutaka na kutoweza, kilele kikavu. Alipofika kwenye kilele alikohoa kidogo, lakini alikitaja. Akasaini.

Upasuaji ulikwenda salama. Mishipa ya upande mmoja ilibaki, ya upande wa pili ilibidi iondoke. Kisha ukaja msimu wa pampasi. Maduhu alivuja akikohoa, alivuja akiinama, na kwa kuwa Ngusa alikuja kumjulia hali kila siku, alivuja sana akicheka. Zile suruali za kiuno kipana zikapata kazi ambayo hazikununuliwa kwayo.

Daktari alimfundisha zoezi: kaza misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, shikilia, achia, rudia mara nyingi kwa siku. Maduhu akalichukua kwa nidhamu. Alikaza kwenye mikutano. Alikaza mnadani. Kanisani alikaza zaidi, kwa kuwa misa ni ndefu na hakuna anayekusumbua. Shida ni kwamba akikaza alifumba macho, akakunja uso, midomo ikamcheza kidogo akihesabu. Waumini wakaanza kunong'onezana. Mzee Maduhu, aliyekuwa akisinzia tangu somo la kwanza, siku hizi anasali mpaka jasho linamtoka. Ugonjwa umemgeuza.

Kuvuja kulipungua, kukabaki tone moja moja la kicheko. Upande wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Mwaka ukaelekea kuisha na kila kitu kimelala. Maduhu alitaka, kama alivyoahidiwa. Siku nyingine alikwenda kusimama zizini peke yake akiwa na hasira isiyo na wa kumpiga, kisha akarudi. Hata hivyo hakuwahi kusema alidanganywa. Hakudanganywa na mtu.

Daktari akampima moyo, akampa vidonge. Wakapanga. Wakachagua alasiri ya siku ya kazi, mvua inakuja, watu wako mashambani. Maduhu akameza kidonge kabla ya kula kama alivyoelekezwa. Salvina akaoga, akavaa kitenge kipya kutoka Nyasubi, akajipaka mafuta yenye harufu. Wakakaa sebuleni kusubiri kwa adabu.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa katekista Bartholomeo.

Alikuja, alisema, kwa sababu jumuiya nzima imeguswa na jinsi Baba Rebeka anavyosali. Alikuja kumwomba awe mwenyekiti wa jumuiya. Akakaa, akafungua sala. Katekista Bartholomeo ni mtu mwema, na hakuna sala yake fupi. Akaombea wagonjwa, mvua, viongozi, wachimbaji walio chini ya ardhi Geita na wavuvi wa Nkome. Salvina akaleta chai. Alipoinama kumimina, akamtazama mumewe pembeni ya kikombe, akabana tabasamu, na kitenge kikateleza begani kidogo tu. Na hapo hapo, bila kumwomba ruhusa mtu, mishipa ya fahamu ikaamka.

Maduhu akaweka kofia mapajani.

Alikuwa na furaha ambayo hakuweza kumwambia mgeni. Alikubali uenyekiti. Angekubali uaskofu. Alikubali kila kitu ili mtu yule aondoke, na hatimaye Bartholomeo akanyanyuka. Sasa huku kwetu mgeni hasindikizwi kwa maneno. Mwenye nyumba anainuka, anatoka naye, anampeleka mpaka njia panda. Bartholomeo alisimama mlangoni akisubiri. Maduhu hakuinuka. Alishikilia kofia yake kwa mikono yote miwili na kusema, "Karibu tena."

"Mwenyekiti hanisindikizi?" aliuliza katekista, ameumia.

"Mguu umekufa ganzi," alisema Salvina, akivaa viatu mbio, uso ameuficha kwenye kitenge. "Mimi nakusindikiza."

Maduhu alisubiri. Alisikia sauti ya Bartholomeo ikisimama kwa jirani kusalimia, ikisimama tena mbele zaidi. Mvua ikaanza kudondoka kwenye bati. Alijitahidi kufikiria kitenge, lakini akawa anafikiria jumuiya, na michango ya jumuiya, na alipomsikia mkewe anakimbia kuja, amelowa, tayari alikuwa ameweka kofia mezani.

"Imekwenda," alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyefiwa.

"Lakini ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Ilikuwepo kabisa, Mama Rebeka."

Salvina akaketi karibu naye, na kicheko kilichombana tangu njia panda kikamtoka chote. Alicheka akimwiga Bartholomeo mlangoni, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na kicheko kilipoisha machozi yakaendelea. Maduhu akaanza kuomba msamaha, akamkatiza.

"Iache iende," alisema, akimshika mkono. "Siku ile kule kwa daktari, swali langu la kwanza lilikuwa wewe, nitakaa nawe mpaka lini."